Msimu wa maigizo Masasi: Juni watu walipanda madirishani, Agosti tukaigizia viti. Tatizo ni nini?

#1 Mlinda Pazia (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Niko kwenye kikundi cha maigizo hapa Masasi, Mtwara. Hatuna mfadhili. Kuna walimu, muuguzi, fundi cherehani anayetushonea mavazi, dereva wa bodaboda, na vijana waliomaliza kidato cha nne. Mwaka huu tulipanga msimu kamili: kuanzia Juni hadi Oktoba, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mchezo mmoja mpya wa jukwaani, kwenye ukumbi wa jumuiya. Kiingilio buku mbili mkubwa, mia tano mtoto.

Juni ukumbi ulifurika. Kuna sehemu mama mkwe anamfukuza mke wa mwanawe, basi bibi mmoja wa mstari wa mbele akasimama na khanga yake mkononi, akamwambia mwigizaji: "Usimfukuze huyo, mwongo ni mwanao!" Ukumbi ukalipuka. Mwigizaji wetu akageuka akamjibu bibi papo hapo, wakabishana kidogo, mchezo ukaendelea. Hakuna aliyetoka mle ndani bila kulisimulia.

Julai wakaja nusu. Agosti ilikuwa mistari miwili ya mbele pamoja na watoto waliopenya bila kulipa, na mchezo wa Agosti ndio tulioufanyia mazoezi kuliko yote.

Nauliza: mji mdogo unaweza kubeba msimu mzima wa maigizo, au watu wetu ni wa tukio moja kwa mwaka? Naomba waliowahi kuifanya kazi hii, wa zamani na wa sasa, watusaidie. Septemba na Oktoba bado zipo.

#2 Kigoda Changu

Nimekaa hapa. Waje wajuzi.

#3 Mkorosho

Mkuu, jibu liko shambani. Agosti mkulima wa Masasi anapambana na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Hela yote iko kwenye viuatilifu, mashine ya kupulizia na vibarua. Buku mbili ya baba, buku mbili ya mama na mia tano za watoto, hiyo ni hela ya mboga ya siku kadhaa. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba. Geuzeni msimu uanze Oktoba uishe Januari, mtaona watu.

#4 Fundi Redio

@Mkorosho hoja yako inaelezaje Juni? Juni korosho hakuna na ukumbi ulijaa.

#5 Mkorosho

@Fundi Redio Juni ni ufuta. Minada ya ufuta inaanza kabla ya korosho, wewe wa mjini huwezi kujua 😄 Mtu akishauza ufuta ana chenji ya kumpeleka mkewe kwenye maigizo. Baada ya hapo ni ukame wa hela mpaka korosho.

#6 Mzee wa Kariakoo

Vijana, hamjambo.

Mleta mada ameuliza wa zamani, mimi ni mmoja wao. Nilikuwa Dar miaka ile Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga inatikisa, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya marehemu Kapteni John Komba. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 80 TOT na Muungano walikuwa wakigawana mji. Onyesho lilifanyika baa, kwenye uwanja wa ndani, viti vya chuma, familia nzima inakuja. Lakini sikilizeni kilichokuwemo: mnaanza na ngoma, inafuata sarakasi, kuna wa kucheza na nyoka, vichekesho, kwaya, igizo la dakika chache, halafu taarab mpaka usiku. Igizo lilikuwa ndani ya mfuko wenye vitu vingi. Asiyependa ngoma anasubiri vichekesho, mama anasubiri taarab amtunze mwimbaji wake.

Mnachofanya nyinyi ni kumkalisha mtu saa mbili mbele ya mchezo mmoja, pazia linafungwa anaambiwa aende nyumbani. Hatukuzoeshwa hivyo. Wekeni ngoma mwanzo, wekeni muziki mwisho.

#7 Chalinze Njia Panda

Shikamoo mzee. Sahihisho kidogo: TOT imeanzishwa 1992, vyama vingi vinarudi, na ilikuwa ya CCM. Miaka ya 80 Muungano walikuwa wanashindana na vikundi vingine, kikiwemo DDC Kibisa. Mpambano wa taarab wa Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano ni wa miaka ya 90.

#8 Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Wa miaka ya 90 basi, na ndio unaoipa nguvu hoja yangu. Watu walikwenda kusikia Khadija amejibiwa nini wiki hii. Leo anapasha huyu, Jumapili ijayo anarudishiwa na yule. Ukikosa onyesho moja umepitwa. Kikundi cha Masasi kikimaliza mchezo wa Juni, kuna kitu gani kinachonidai nirudi Julai?

#9 Ng'wana Kisesa

Mzee kagonga penyewe kabisa. Kwetu Usukumani jambo hili tunalo tangu mababu: Wagika na Wagalu. Pande mbili za ngoma, kila upande una dawa zake, nyimbo zake, nyoka wake, na zinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna meza ya majaji, watu wenyewe wanahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na wachezaji wanawaona wanavyohama. Sherehe ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, Mwanza, kila Juni, baada ya mavuno, inabeba watu kwa sababu ya ushindani huo.

Gawanyeni kikundi mara mbili. Masasi mpate pande mbili, mitaa miwili. Mtu atakuja kushangilia mtaa wake.

#10 Tommy wa Nyasa

Kwa hiyo Simba na Yanga ya maigizo 😂

#11 Fundi Redio

@Tommy wa Nyasa umetania lakini umegusa penyewe. Agosti ligi inafunguliwa. Kuna Simba Day, kuna Wiki ya Mwananchi, Ngao ya Jamii, na Ulaya nako Ligi Kuu ya Uingereza inaanza mwezi huo huo. Jumamosi jioni wanaume wote wako kibanda umiza. Juni hakuna mpira, ukumbi unajaa. Wala si ufuta, ni ratiba ya mpira.

#12 Mkorosho

@Fundi Redio sasa Julai nako kuna ligi gani? Walipungua nusu Julai.

#13 Fundi Redio

Julai ni usajili 😄

#14 Binti Chiwata

Habari zenu. Mnajadili mpira na minada, na waliojaa Juni walikuwa wanawake. Nilikuwepo, nimekaa mstari wa nne na mdogo wangu. Nawaambia kwa nini Julai sikurudi.

Tangazo la gari lilipita mtaani likasema saa kumi na mbili jioni. Mchezo ukaanza saa mbili usiku. Umeisha saa nne na zaidi. Mwanamke wa Masasi mwenye mtoto mgongoni anatoka ukumbini saa hiyo, bodaboda wanajua kuna watu wengi wanapandisha nauli, nyumbani mume anauliza mchezo gani unaisha usiku huo. Mara ya kwanza unasamehewa. Ya pili huombi hata ruhusa.

Na kingine, kuanzia mstari wa nne kwenda nyuma tulikuwa tunasikia nusu. Bati, feni, baa ya jirani imefungulia muziki. Wenzetu wa mbele wanacheka, sisi tunaulizana "kasemaje?"

#15 Mlinda Pazia

Dada @Binti Chiwata asante sana kwa kusema wazi. Kuanza saa mbili kulitokana na watazamaji wenyewe, saa kumi na mbili mlangoni walikuwa watu wa kuhesabika. Ukianza wakiwa hao, wanaokuja saa moja na nusu wanakuta nusu ya mchezo imepita na wanadai hela zao. Maiki za kuvaa kichwani hatuna uwezo nazo. Tuna maiki mbili za waya.

#16 Mhitimu wa Bagamoyo

Wakuu, mimi nimesoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo, TaSUBa ya sasa. Naomba maiki muiweke pembeni kabisa.

Sauti inafundishwa. Kabla ya mistari ya mchezo, mwigizaji afanye mazoezi ya pumzi kila siku: vuta kwa tumbo, toa kwa silabi, mwenzako asimame mwisho wa uwanja akuambie anasikia nini. Maliza sentensi, wengi wanameza neno la mwisho na ndilo lenye kichekesho. Halafu usiseme huku unatembea kama si lazima, na usiseme ukiwa umewapa watu mgongo. La pili ni kupanga viti. Ukumbi mrefu wenye jukwaa mwisho mmoja unamuua mtu wa nyuma. Shusheni mchezo sakafuni, katikati ya ukumbi, watu wakae pande tatu. Mstari wa nyuma unakuwa wa nne badala ya wa kumi na mbili. Hiyo haina gharama hata ya shilingi.

Kuhusu msimu: chuo kimefunguliwa 1981 na tamasha lake la kila mwaka limeanza mwaka uliofuata, 1982, likiwa la kuonyesha kazi za wanafunzi na walimu. Ukumbi wa zamani ulikuwa wa makuti, ukaungua 2002, na huu mkubwa wa sasa ukaja kwenye 2008. Kati ya hapo miaka ikaenda bila ukumbi mkubwa na tamasha halikufa. Sababu ninayoiona mimi: wanafunzi lazima waigize iwe kuna mtu au hakuna, ni masomo. Kikundi cha mtaani hakina kitu cha kukishikilia mwezi mbaya ukifika. Mwezi mbaya mmoja, wawili wanaacha mazoezi, mchezo unaofuata unakuwa dhaifu, watu wanapungua tena. Kwa hiyo mimi sidhani shida iko kwa watazamaji, mimi ningeangalia mazoezi ya Julai yalihudhuriwa na wangapi.

#17 Chalinze Njia Panda

Bagamoyo ni wageni na watalii wanaotoka Dar, usiilinganishe na Masasi.

#18 Mhitimu wa Bagamoyo

@Chalinze Njia Panda hapana mkuu. Wageni wanakaa viti vya mbele ndiyo maana wanaonekana kwenye picha. Nyuma na pembeni ni Dunda, Magomeni, Nianjema, akina mama na watoto wao. Watoto wa Bagamoyo wanaingia chuoni mchana kuchungulia mazoezi, jioni wanacheza ngoma hizo mtaani kwa ndoo na makopo. Wakikua ndio watazamaji. Hii ni kazi ya miaka arobaini na zaidi, Masasi wana miezi mitatu.

#19 Limuru Town

Niaje wadau, nawasoma nikiwa Kenya. Jambo la watoto kuchungulia mazoezi limenikumbusha Kamĩrĩĩthũ, hapa kwetu Limuru. 1977 wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa kuketi zaidi ya watu 2,000, wakaigiza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Mazoezi yalifanywa hadharani, mtu yeyote akipita anasimama kuangalia, na wazee walikuwa wanawarekebisha: "Mzee wa kwetu hasemi hivyo, wimbo huo wa harusi hauimbwi namna hiyo." Kufika siku ya kufungua, mwezi wa Oktoba, kijiji kizima kilikuwa kimeshiriki. Nani angekosa kuja kuona kazi yake?

Mnafanya mazoezi wapi, ndani mmefunga mlango?

#20 Tommy wa Nyasa

Ule wa Kiswahili? Mbona ulifungiwa?

#21 Limuru Town

@Tommy wa Nyasa ulikuwa wa Kigĩkũyũ, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Serikali iliondoa kibali katikati ya Novemba 1977, Ngũgĩ akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka huo. Machi 1982, wakati kikundi kinajaribu mchezo mwingine, ukumbi wenyewe ukabomolewa. Kwa hivyo sisi hatukupata nafasi ya kujua kama msimu ungedumu. Uliuawa ukiwa bado unajaza watu. Mimi huwa siwezi kupita pale bila kuwaza hilo.

#22 Mlinda Pazia

@Limuru Town tunafanya darasani jioni, milango imefungwa kwa sababu wengine wanaona aibu kuangaliwa wakikosea. Nimelichukua hili, nitalipeleka kwenye kikao.

Kuhusu lugha: tunaigiza Kiswahili tupu. Hapa kuna Wamakua, Wayao, Wamakonde. Tukiigiza Kimakua, Wayao watakaa kimya.

#23 Binti Chiwata

Si lazima mchezo mzima. Yule bibi wa kwenye mchezo akiwa na hasira aseme Kimakua, mjukuu ajibu Kiswahili. Majumbani tunaongea hivyo kila siku. Watu watacheka kwa sababu wamejisikia.

#24 Bahari Huru

Assalaam alaykum. Naona hakuna aliyetaja televisheni, na ndiyo kisingizio cha kwanza huwa nakisikia: Bara mpaka 1994 hamkuwa na TV, ilipokuja maigizo ya jukwaani yakafa. Nikitazama Zanzibar naona haijakaa hivyo. Sisi TV tunayo tangu miaka ya 70 mwanzoni, na Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichopo tangu 1905, hawakufa. Ni klabu. Mwanachama anakwenda jioni kunywa kahawa, kucheza karata, kusikiliza mazoezi. Onyesho ni Idi, ni harusi, ni siku maalumu. Katikati ya hapo klabu inaishi. Nyinyi mna maonyesho matano na klabu hamna.

#25 Chalinze Njia Panda

@Bahari Huru taarab na maigizo si kitu kimoja. Taarab mtu anakwenda kwa mavazi, kuonekana, kutunza. Igizo unakaa gizani. TV iliua igizo kwa sababu igizo lenyewe lilihamia TV: waigizaji wazuri wa jukwaani ndio wakawa kikundi cha Kaole pale ITV, baadaye bongo movie. Nani abaki jukwaani alipwe nauli wakati kamera inalipa?

#26 Bahari Huru

Na kwa nini mumkalishe gizani?

#27 Mzee wa Kariakoo

Swali zuri hilo la @Bahari Huru. Juni yule bibi alisimama akasema kwa sababu aliwaona na wao wakamwona. Mimi kikundi changu ningempa kiti cha bure maisha yake yote.

#28 Mama Mradi

Niruhusuni niseme linaloniuma. Nimefanya kazi kwenye miradi ya maendeleo vijijini Lindi na Mtwara miaka mingi. Sisi tuliwazoesha watu maigizo ya bure. Linakuja gari, vijana wa fulana wanaigiza ugonjwa, choo bora, mimba za utotoni, mwisho mtu wa maiki anauliza "tumejifunza nini?" na wengine wanapewa soda. Baada ya miaka hiyo yote, kwa mtu wa kijijini neno igizo linamaanisha semina. Atoe buku mbili aingie semina? Juni walikuja kwa sababu hawakujua ni nini. Mchezo wa Agosti ulihusu nini, mleta mada?

#29 Mlinda Pazia

Mirathi. Mjane ananyang'anywa mikorosho na ndugu wa mume. Ni kisa kinachotokea hapa hapa, tulikusanya kwa watu.

#30 Mama Mradi

Na mwisho wake?

#31 Mlinda Pazia

Mahakama ya mwanzo inampa haki yake, hakimu anaeleza sheria.

#32 Mama Mradi

Hakimu anaeleza sheria. Ndugu yangu, hiyo ni "tumejifunza nini" imevaa joho. Kisa chenu ni kizuri mno. Mwacheni mjane na shemeji wapambane wenyewe pale shambani, mmefunga mkono wa mtazamaji kwa kumletea hakimu.

#33 Ng'wana Kisesa

@Mama Mradi naomba nitetee maigizo ya vijijini kidogo. Kulikuwa na Malya, wilaya ya Kwimba, 1982 na 1983, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar. Hawakuja na fulana. Wanakijiji wenyewe walikaa wakachagua tatizo, ikawa mimba za wasichana wa shule, wakaligeuza kuwa ngoma na igizo lao, na baada ya onyesho wakabishana mpaka wakaamua. Mada nzito haifukuzi watu. Inategemea nani kaileta.

#34 Mama Mradi

Hapo tuko pamoja. Malya walibishana, hawakuhubiriwa.

#35 Mwalimu wa Kilifi

Habari za jioni. Kwetu Kenya maigizo ya jukwaani yanayojaza kumbi za miji midogo ni yale ya vitabu teule vya shule. Kikundi kinakodi ukumbi, shule zinaleta wanafunzi kwa mabasi, pesa inakusanywa na mwalimu kabla ya siku. Asubuhi ukumbi umejaa, adhuhuri kikundi kimeondoka kwenda mji mwingine. Mkitaka Agosti ijae, ongeeni na walimu wa Kiswahili wa sekondari. Angalieni tu ruhusa ya mwandishi, msimchezee mtu tamthilia yake bila kuzungumza naye.

#36 Mhitimu wa Bagamoyo

Nakazia hilo la ruhusa, sheria yetu ya hakimiliki ni ya 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Pia kikundi kisajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na mpitie kwa Afisa Utamaduni wa wilaya mapema. Huwa ndiye anayejua ukumbi umekodishwa kwa nani wiki gani.

Ila mwalimu, mwanafunzi aliyeletwa na basi harudi Jumamosi na mama yake. Unajaza ukumbi, hujengi watazamaji.

#37 Mwalimu wa Kilifi

Wengine hurudi. Mimi mwenyewe niliingia kwenye sanaa hii kwa kuletwa na basi.

#38 Mpita Njia 88

Samahani nje ya mada, mnada wa kwanza wa korosho mwaka huu unategemewa bei gani?

#39 Tommy wa Nyasa

Jukwaa la kilimo liko kule mkuu 😂 hapa tunauza tiketi.

#40 Mkorosho

@Mpita Njia 88 njoo PM. Na mnaona? Hata huyu anawaza Oktoba. Mimi nasimama pale pale.

#41 Babu wa Misheni

Wajukuu, nimesoma tangu mwanzo, nina moja tu. Mnaumiza kichwa mtafute visa wapi, na mji mnaoukanyaga umejaa. Masasi ya misheni ilianzishwa 1876 na Askofu Steere akiwa na watu waliokombolewa utumwani, waliotembea kutoka pwani. 1882 Wangoni, tuliowaita Magwangwara, wakaivamia, wakachukua watu. 1905 vita ya Majimaji ikafika hapa, misheni ikachomwa. Kuna familia hapa zinajijua zimetokana na nani katika waliokuja 1876, na kuna familia zinajijua babu yao alikuwa upande wa walioichoma. Wanakaa mtaa mmoja, wanazikana. Igizeni hilo. Kila ukoo utakuja kusikiliza kama umesemwa sawasawa, na usiposemwa sawasawa watawaambia palepale.

Sasa hapo mtapata na pande mbili za @Ng'wana Kisesa bila kuzitengeneza.

#42 Ng'wana Kisesa

Babu, shikamoo. Umenifunga mdomo.

#43 Mlinda Pazia

Babu, shikamoo sana. Nina maswali mengi, naomba nikufuate PM. Kuna wazee wawili ninaowafahamu mtaani kwetu ambao wazazi wao walisimulia haya.

#44 Chalinze Njia Panda

Angalizo kwa heshima zote: mkigusa nani alichoma nini na nani alikuwa mtumwa wa nani, mnaweza kuchokonoa yaliyolala. Kuna watu hawataki mtaa ujue babu yao aliletwa vipi. Muwe mmepata ridhaa za koo.

#45 Binti Chiwata

@Chalinze Njia Panda kweli, na hao wa kuombwa ridhaa waitwe kwenye mazoezi, kama walivyofanya Limuru. Akisikia kibaya akatae kabla, si siku ya onyesho.

Narudi kwenye langu: mchezo wowote mtakaoweka, wekeni Jumapili saa tisa alasiri. Mwanga upo, tunarudi nyumbani kabla ya magharibi.

#46 Babu wa Misheni

Jumapili saa tisa kuna mazoezi ya kwaya, nusu ya vijana wenu wa kikundi wataitwa huko.

#47 Fundi Redio

Na kuna mechi.

#48 Binti Chiwata

Basi Jumamosi saa tisa. Mchana, si usiku.

#49 Mkorosho

Jumamosi saa tisa watu wako shamba.

#50 Mlinda Pazia

Wakuu, tumekaa kikao leo. Septemba tunarudia ule wa mirathi, bila hakimu, Jumamosi saa kumi, viti pande tatu, mchezo sakafuni. Mazoezi kuanzia kesho yanahamia chini ya mwembe wa nyuma ya ukumbi, anayetaka aje. Wenzetu wawili wamekataa kabisa kufanya mazoezi mbele za watu, tunazungumza nao. Kuhusu kiingilio hatujaelewana: mweka hazina anataka ibaki buku mbili kwa sababu ya kodi ya ukumbi, wengine wanataka mlango uwe bure na kapu lizunguke baada ya onyesho.

#51 Mzee wa Kariakoo

Kapu lizunguke katikati, pale mjane anapopokonywa shamba, si mwisho. Mwisho watu wanakimbilia mlango.

#52 Mhitimu wa Bagamoyo

Mzee, ukizungusha kapu pale unaukata mchezo mahali pabaya kuliko pote!

#53 Mzee wa Kariakoo

Mtoto wa chuo, Muungano walikuwa wanatunzwa mwimbaji akiwa katikati ya ubeti na hakuna aliyekatika.

#54 Kigoda Changu

Mimi niko Nachingwea. Mlinda Pazia, mkimaliza Septemba mnaweza kuja huku na mchezo huo huo? Ukumbi upo, mlale hapa usiku mmoja. Mnasafirije na vyombo vyenu?

#55 Mlinda Pazia

@Kigoda Changu mavazi mabegi matatu, ngoma mbili, na pazia tunalolikunja. Noah mbili zinatosha. Nitumie PM jina la ukumbi na urefu wake, na kama umeme ni wa uhakika.